Shingo ya Mbuzi

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi ya mwanangu Twaha, Nanyama aliingia uani kwangu bila debe. Mimi nilikuwa nimeketi nachambua mchele, jasho linanitoka, nimeshagombana na watu watatu tangu asubuhi, naye ananijia na leso mpya iliyopigwa pasi, mikono mitupu kama mke wa diwani.

"Debe liko wapi?" nikamwuliza hata kabla ya salamu.

"Liko nyumbani," akasema. "Mama Twaha, Jumamosi nitakuja. Lakini nitakuja nikae mkekani na wageni, nile, niondoke. Maji tafuta mtu mwingine. Na sufuria pia."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana sisi wawili tumetaniana tangu tukiwa na meno ya utoto. Nilipoona hacheki ndipo na mimi nikaacha.

Acha nieleze, kwa sababu si wote mliokulia Bondeni. Hapa Nakuru, katika mtaa wetu, kila nyumba ina mambo yake. Jambo la nyumba yetu lilikuwa hili: tukiwa na harusi au matanga, ni kina Nanyama wanaoteka maji mferejini na kusugua sufuria kwa jivu. Nyanya yake alifanya hivyo, mama yake akafanya, na yeye akafanya. Hatukuwaita. Walikuja wenyewe alfajiri na madebe yao, wakafanya kazi mpaka jioni. Na kabla hawajaondoka tuliwapa shingo ya mbuzi, imefungwa vizuri ndani ya gazeti. Tukichinja mbuzi sita, shingo sita. Nilijivunia sana desturi hiyo. Nilikuwa nawaambia wageni, mnaona watu wanavyopendana hapa kwetu, huyu mama si ndugu yangu lakini ni zaidi ya ndugu.

Na hilo halikuwa uongo. Twaha alipokuwa na wiki tatu nilishikwa na homa ya matumbo, nikalazwa hospitalini siku arobaini. Nanyama ndiye aliyemnyonyesha, titi moja Saidi wake, titi la pili Twaha wangu. Kwa dini yetu huyo ni mama yake, hakuna wa kubisha. Kwa hiyo nikashindwa kuelewa ni kitu gani kimemwingia.

"Kuna mtu amekuudhi?" nikamwuliza. "Niambie nikamtengeneze sasa hivi."

"Hakuna aliyeniudhi. Ni maneno ya Jonah."

Jonah alikuwa fundi wa reli, mtu wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, ambaye mwaka huo wa sitini na nane alikuwa amehamia chumba cha pili kutoka kwa Nanyama. Siku moja akiwa mferejini akasikia mtu akiita, "Nanyama, debe lako limejaa." Akageuka. Nanyama ni jina la kwao, na huyu aliyeitwa amejifunga buibui. Akamsalimia kwa lugha yake, "Mulembe." Na Nanyama akamjibu papo hapo, "Mulembe," bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo walivyosalimiana nyumbani kwao tangu zamani. Sisi majirani tuliijua hiyo salamu. Tulidhani ni mchezo wa nyumba yao tu.

"Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani kule," Nanyama akaendelea. "Nikamwambia mimi ni mtu wa Bondeni, sina kwetu kwingine, hili jina ni la nyanya yangu. Akaniuliza nyanya alifikaje huku. Mama Twaha, nina miaka arobaini na tano na sijawahi kujiuliza swali hilo."

"Si alikuja na babu yangu," nikasema. "Na msafara."

"Ndiyo. Alikuja akiwa na miaka minane. Mtoto wa miaka minane anafuata msafara kutafuta nini?"

Mimi nikikosa jibu hupandisha sauti. Nikasimama, mchele ukamwagika.

"Sasa mimi nimemnunua nani?" nikamwuliza. "Babu alikufa kabla sijazaliwa. Hata shamba hakutuachia, hata kuku. Mimi nimevaa viatu mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mbili. Nimekupiga lini? Nimekuuza wapi? Unaniletea mambo ya kaburini, na watu mia mbili wanakuja kwangu Jumamosi?"

"Hujanunua mtu," akasema, na upole wake ukaniudhi kuliko kama angenitukana. "Wala sikulaumu. Nimesema sitateka maji, basi. Harusi ni ya mtoto niliyemnyonyesha. Nataka kukaa kama mama yake."

"Basi kaa," nikamwambia. "Kaa mpaka uote mizizi. Na ukishainuka hapo usinijue."

Nina ulimi, sikatai. Ulinitangulia duniani. Nanyama alikunja leso yake, akaondoka polepole, na mimi nikabaki nikiokota mchele mmoja mmoja huku nikisema peke yangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Nilitaka mtu wa kuniambia kwamba Jonah ni mwongo. Shangazi alikuwa anakaribia miaka themanini, macho yamechoka lakini masikio yanasikia hata ambacho hujasema. Alikuwa anakoroga chai yake. Nikamwuliza, nyanya yake Nanyama alikuja vipi?

"Alinunuliwa," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya sokoni. "Kule chini ya Mlima Elgon. Mikono minane ya kitambaa cha kaniki. Marehemu baba alikuwa akisema walimpunja, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba."

Nikaketi.

"Serikali ilipokataza mambo hayo, baba akamwambia, haya, uko huru, nenda kwenu. Aende wapi, na njia haijui? Akabaki. Tulipohamia Nakuru akaja na sisi. Akawa anateka maji kama kawaida."

"Na mtoto wake?"

"Naye akateka. Hakuna aliyemwambia aache."

"Na ile shingo, Shangazi? Kwa nini tunawapa shingo?"

"Shingo ni nyama tamu sana."

"Umewahi kuila?"

Shangazi akaacha kukoroga chai. "Mimi?" akasema. "Mimi nile shingo?"

Nikarudi nyumbani nimenywea. Nikamweleza mume wangu, Baba Twaha, ambaye ni fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache. Akasikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Akaitoa, akaniuliza, "Sasa maji atateka nani?" Nikamwambia asinipandishe presha.

Jumamosi ikafika. Nina wifi watatu, na kila mmoja siku hiyo aligundua kwamba ana mgongo. Mmoja alibeba debe moja, akalimwaga nusu njiani, akaenda kulala kwa jirani. Nikaona haya ni yangu. Nikafunga leso kiunoni juu ya gauni langu la harusi, nikachukua debe.

Kutoka kwangu mpaka mferejini ni hatua mia mbili na kumi. Nimeishi mtaa huo maisha yangu yote, na ni siku hiyo tu nilipozijua. Ukienda ni mteremko, unatembea na raha zako. Ukirudi na debe kichwani ni mlima, na shingo inaingia mabegani. Harusi ya watu mia mbili inataka madebe arobaini. Kwenye debe la tisa niliona nyota mchana.

Gurdial Singh, mwenye yadi ya mbao, alikuwa ametuazima turubai na kutuletea mabaki ya mbao ya kupikia. Alikuwa anakaza kamba nilipompita mara ya kumi.

"Mama Twaha," akaniita, "ule mama ya maji iko wapi?"

"Ni mgonjwa."

"Mgonjwa? Mimi naona yeye sasa hivi. Iko kwa mkeka, anakula halua."

Na kweli alikuwa mkekani, katikati ya wageni, na hina mikononi. Hakunitazama kwa kejeli. Hakunitazama kabisa, kwa sababu nilimwambia asinijue, naye ni mtu anayeshika maneno. Jikoni nako sufuria ya tatu ya pilau ikashika chini kwa sababu maji yalichelewa, na harufu ya kuungua ikafika mpaka msikitini.

Twaha aliporudi kutoka kufunga ndoa, alinijia kwanza mimi mama yake. Akanibusu mkono uliolowa. Kisha akaenda pale mkekani, akapiga magoti mbele ya Nanyama, akambusu mikono yote miwili. Nanyama akamwekea kiganja kichwani, machozi yakamtoka. Mimi nimesimama kando na debe kichwani, maji yananidondokea sikioni, na moyo uliniuma sana. Mwanamke huyo angepaswa kuwa amekaa kando yangu, tukilia pamoja kama mama wawili. Na mkeka ule ningeutandika mimi. Badala yake, kama asingekataa, saa ile angekuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria, na mimi ningeona ni kawaida.

Lakini mimi ni mimi. Sikwenda kumwambia neno. Niliona aibu, na aibu yangu hutoka ikiwa imevaa hasira.

Wageni wakaenda zao, sufuria kumi na moja zikabaki. Nilizisugua Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Ile iliyoungua nilikaa nayo mpaka tukazoeana. Jumanne viganja vyangu vilichubuka, nikakaa kwenye kizingiti nikivitazama. Viganja vya Nanyama navijua, nimevishika tangu tukicheza kombolela. Ni vigumu kama soli ya kiatu. Miaka yote hiyo nilidhani amezaliwa navyo.

Sikununua mtu, hilo nalishikilia mpaka leo, na anayetaka tubishane aje. Lakini maji niliyanywa. Aliyeyaleta nilimwona kila mara, nikampa mfupa, nikamwita ndugu.

Tukakaa miezi mitatu bila kusemezana. Jamani, miezi hiyo ilikuwa mirefu. Ukigombana na rafiki wa kuzaliwa naye, hata chakula hakina chumvi. Nilikuwa na habari ya mwenye duka la mafuta ya taa na mke wake wa pili, habari nzito, na sikuwa na mtu wa kumpa. Nilijaribu kumpa Baba Twaha. Akasema, "Ala," akaendelea kushona.

Halafu Maimuna, binti yake Nanyama, akapata mchumba wa Eldama Ravine, mwoka mikate. Mwaliko ukaja. Ukaja kwa kadi, imepigwa chapa, yenye jina langu na la mume wangu. Nanyama, ambaye kwake nimekuwa nikiingia bila hodi na kufunua vyungu, ameniletea kadi kama afisa wa posta. Niliisoma kadi ile nikalia kidogo, nyuma ya mlango, kisha nikanawa uso.

"Utakwenda?" Baba Twaha akaniuliza.

"Nitakwenda."

"Basi uvae lile gauni la zambarau."

"Nitavaa kuukuu," nikamwambia, na akanitazama juu ya miwani bila kuuliza zaidi.

Siku ya harusi niliamka alfajiri, nikaswali, nikachukua debe langu. Mferejini nikamkuta Wangare, muuza makaa, naye ni mtu wa maneno kama mimi.

"Mama Twaha, kwani mmefiwa leo?" akasema. "Mbona wewe ndiye uko hapa na sio wale watu wenu?"

"Hakuna watu wetu," nikamwambia. "Sogea, ni zamu yangu."

Nikafika kwa Nanyama debe likiwa limejaa. Alikuwa mlangoni na ufagio. Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye debe.

"Unatafuta nini?"

"Nimeleta maji."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Na mimi, nitasema ukweli, nilikuwa nimeshayaandaa yatakayofuata. Nilijua atasema, la, la, Mama Twaha, weka chini, utaniaibisha, ingia ndani unywe chai. Nami ningekataa mara mbili, ya tatu nikubali, tukumbatiane, mambo yaishe. Ndivyo watu wanavyofanya.

Nanyama akanyoosha ufagio kuelekea nyuma ya nyumba. "Pipa ni lile," akasema. "Likijaa kuna lingine."

Nikajaza pipa. Nikajaza na lingine. Kila nilipopita mlangoni nilipunguza mwendo, nikidhani sasa ataniambia basi. Hakuniambia. Saa nne akaniletea jivu. Saa sita akanionyesha sufuria: "Hizi nne kwanza, zile tano baadaye." Gurdial Singh akapita na kuni zake, akaniona nimeinama, akafungua kinywa, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakifunga tena.

Mchana Shangazi akaja, ameshikwa mkono na wifi yangu mmoja, yule wa mgongo. Akasikia sauti yangu nikikohoa moshi.

"Huyo si mtoto wa ndugu yangu?" akauliza. "Anasugua sufuria? Kwa kina Nanyama?"

"Ni mimi, Shangazi," nikasema. "Na inua miguu kidogo, maji machafu yanapita."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Hata Nanyama nilimwona akigeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nikafurahi moyoni, nikasema sasa ataniita. Hakuniita. Akarudi mkekani kwa wageni wake, kila mtu anampa hongera, na alipendeza, wallahi, alikaa pale kama malkia. Nilimtazama kupitia pazia la leso huku nikikwangua ukoko, na nikaona kwamba sijawahi kumwona Nanyama amekaa kwenye sherehe hata moja mwanzo hadi mwisho, ila ile ya Twaha, na siku ile sikuwa na macho ya kumtazama.

Jioni, sufuria zote zimefunikwa zinakauka, akanijia na kitu kimefungwa kwa gazeti. Akanipa kwa mikono miwili.

"Asante kwa kazi," akasema.

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia mimi, kila harusi, kwa sauti ile ile. Nikapokea, nikaenda zangu.

Jumapili nikaipika ile shingo. Niliichemsha kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, nikaweka kitunguu, nikaweka bizari, nikaichemsha tena. Tukaketi mimi na Baba Twaha. Akachukua kipande, akakigeuza, akakinyonya, akakigeuza upande wa pili, akakiweka sahanini.

"Mke wangu," akasema, "hii ni nyama au kufuli?"

Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka nikashika meza, machozi yananitoka, na katikati ya kucheka nikasikia kwamba machozi yamegeuka kuwa ya kweli. Harusi yangu, harusi za dada zangu, matanga ya baba, matanga ya mama. Shingo ngapi tulizowafungia kwa magazeti, na mimi nikimwambia mgeni, mnaona watu wanavyopendana.

Nikafunika sahani kwa kawa, nikaenda nayo kwa Nanyama. Sikubisha hodi. Nikamkuta jikoni amekaa kwenye kibago, miguu ndani ya karai la maji moto, mtu aliyechoka baada ya harusi. Nikaweka sahani mbele yake, nikafunua.

"Hii shingo haina nyama," nikasema.

"Haina."

"Miaka yote hiyo mlikuwa mnakula nini?"

"Mchuzi."

"Na hukuniambia."

"Na hukuniuliza," akasema.

Nikaketi chini, sakafuni, kando ya karai lake. "Nisamehe," nikamwambia. "Si kwa ajili ya babu. Ya babu sijui nikuombeje, aliyenunua amekufa na aliyenunuliwa amekufa. Nisamehe mimi, kwa haya ya kwangu mwenyewe. Na kwa kukuambia usinijue."

Nanyama akaushika mkono wangu wa kulia, akaufungua, akapitisha kidole gumba juu ya kiganja, pale ngozi mpya ilipokuwa imeanza kuwa ngumu, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Bado ni laini," akasema. Kisha akasogeza kibago kingine kwa mguu uliolowa. "Kaa juu, sakafu ni baridi. Na uniambie ya mwenye mafuta ya taa. Nimesikia nusu tu, na yule Wangare hajui kusimulia."

Nikamsimulia yote, na mke wa pili, na ngazi, na jerikeni. Akacheka mpaka maji ya karai yakamwagika. Nilipoinuka niende zangu akaniita nikiwa mlangoni.

"Saidi anaoa mwezi wa kumi na mbili," akasema.

"Nitakuja na debe," nikamwambia.

"Njoo na mawili."

Nilikwenda na mawili.